Shajara ya mradi: tovuti mpya ya kituo cha tiba ya uraibu, Kigamboni

Jumatatu, tunaanza

Naandika hii shajara kwa sababu kuna wenzangu wanaotengeneza tovuti huwa wananiuliza kazi za hospitali na vituo vya tiba zinaendaje, na hii niliyoishika sa hivi ina mengi ya kushea. Ni kituo kidogo cha kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya na pombe, kipo Kigamboni, jina silitaji maana sijapewa ruhusa na kwa ninachotaka kusema hapa halina ulazima. Watu wa Dar wanaviita soba hausi vituo kama hivi, ila hiki kina daktari anayekuja kwa ratiba na manesi wa zamu.

Tovuti waliyonayo ni ya miaka mingi kidogo. Ukiifungua unakutana na mapicha makubwa yanayopishana, ya kwanza watu wakikata utepe siku ya ufunguzi, afu maneno ya karibu, ujumbe wa mkurugenzi, dira, dhima, muundo wa taasisi. Namba ya simu ipo chini kabisa kwa maandishi madogo ya kijivu, na imewekwa kama picha kwahiyo huwezi kuibonyeza ikapiga, inabidi utafute karatasi uinakili.

Kwenye kikao cha kwanza niliwaambia kitu kimoja na ndo nitakachokishikilia mpaka mwisho. Anayefungua tovuti hii ni mama ambaye mwanae kauza mtungi wa gesi jana, au kijana mwenyewe arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, inamnyemelea na leo kaamua, au mke aliyesubiri mume alale ndo akashika simu. Ana bando kidogo, ana hofu kubwa, na kuna uwezekano ni mara yake ya kwanza kulisema jambo hili popote. Kazi yote ya tovuti ni kumfikisha mtu huyo kwenye simu moja ya kwanza bila kumwongezea aibu, kwahiyo kila tutakachoweka tukipime kwa hilo, kikimchelewesha kitoke.

Jumatano, kaunta buku la mapokezi

Kabla sijachora chochote nikaomba nikae mapokezi. Dada wa mapokezi ana kaunta buku anaandika kila simu inayoingia, saa ngapi, mtu anapigia wapi, kauliza nini, jina haandiki mpaka mtu akubali kuja. Akaziba safu ya namba za simu kwa rula ili nisizione, akawa ananisomea maswali tu.

Jamani, hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu dira. Watu wanauliza mkimchukua mnampeleka polisi? Mnawapiga? Mnawafunga minyororo? Yeye hataki, nikimleta kwa nguvu mtampokea? Ni shilingi ngapi na naweza kulipa kidogokidogo? Nitaruhusiwa kuja kumwona? Anameza ARV, huko ataendelea kupewa? Mnapokea wanawake, na akiwa na mtoto mchanga je? Na wengi mno wanaanza na "namuulizia rafiki yangu", dada akaniambia hao huwa hawabani, anamjibu kama rafiki kweli, na katikati ya maongezi mtu mwenyewe anahama taratibu anaanza kusema "mimi".

Hilo la minyororo limenikaa kichwani. Watu wamesikia habari za sehemu ambako wagonjwa wanafungwa na kuchapwa kwa jina la tiba, kwahiyo hofu yao ina msingi, na kituo kikikaa kimya mtu anajijibu mwenyewe na anajijibu vibaya. Nikamfuata mkurugenzi, nikamwambia samahani naomba nikuulize kama ambavyo mama angekuuliza, hapa mnafunga watu? Akasema hapana, geti linafungwa usiku kama nyumba yoyote ile, mtu akitaka kuondoka tunakaa naye tunaongea, akisisitiza tunampigia ndugu yake na anaondoka. Nikamwambia basi naomba tuandike hivyohivyo ulivyosema, na ikae juu ambapo mtu hahitaji kuitafuta.

Imeingia kama ilivyo. "Hatumfungi mtu. Hatumpigi mtu. Hatumpeleki mtu polisi kwa sababu amekuja kutibiwa." Mwanasheria wao alitaka aongeze vifungu hapo, tumekubaliana vifungu vikae ukurasa mwingine.

Ijumaa, menyu

Kikao kimekuwa kirefu. Walikuja na menyu yao, Idara ya Tiba, Idara ya Ushauri Nasaha, Utawala, Miradi, Machapisho, na kila mkuu wa idara anataka yake ionekane. Nawaelewa, ni watu wanaofanya kazi ngumu kwa hela ndogo na kuona idara yako kwenye tovuti ni heshima. Ila nikawauliza, mama wa Mbagala atajuaje kama mwanae ni wa Idara ya Tiba au ni wa Ushauri Nasaha, wakati hata ninyi mnaamua baada ya kumpima?

Tukatoka na milango mitatu kwenye ukurasa wa mwanzo: "Nataka kuacha", "Ndugu yangu anatumia", na "Hali ni mbaya sasa hivi". Kitufe cha kupiga simu kinakaa chini ya kioo muda wote, ukishuka na ukurasa kinabaki palepale usawa wa kidole gumba. Bodi, ripoti za mwaka na wafadhili vyote vimeingia kwenye kiungo kimoja chini kabisa, "Kuhusu kituo". Mfadhili ana laptopu na ana muda, atakitafuta na atakiona.

Ilibaki ujumbe wa mwenyekiti wa bodi, ni mzee wa heshima na ndiye aliyetoa kiwanja, hakuna aliyetaka kumwambia. Nikamwambia mwenyewe, mzee shikamoo, naomba ule ujumbe wako tuusogeze tuweke mahali pake maneno ya kwanza anayosema mtu wa mapokezi akipokea simu. Akauliza ni maneno gani. Dada akaitwa akayasema kama anavyoyasema kila siku, "Karibu, umefanya vizuri kupiga, niambie kuna nini." Mzee akasema wekeni hayo. Kwahiyo sasa mtu akifungua tovuti anasoma "Karibu. Umefanya vizuri kutafuta msaada. Tuambie kuna nini." Ujumbe wa mzee upo, umekwenda kwenye ukurasa wa historia ya kituo na umekaa vizuri.

Vichwa vya kurasa navyo tumevitoa kwenye vinywa vya wapigaji, "Arosto inaisha lini", "Nawezaje kuacha unga", "Mume wangu anakunywa kila siku, nifanyeje". Ndivyo watu wanavyoandika Google saa nane usiku. Neno teja halipo popote kwenye tovuti, hata kwenye maneno yasiyoonekana, hilo walikubaliana wote bila mjadala.

Jumapili jioni, maandishi ya kitabibu

Hapa ndo nimetumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote na sijutii. Utaratibu wetu ni daktari na nesi mkuu wanaeleza kwa mdomo, mimi naandika kwa lugha ya sebuleni, nawasomea kwa sauti, wanasahihisha, narudia. Kipeperushi chao cha zamani kilikuwa sahihi kabisa ila kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayejiandaa na mtihani.

Ukurasa wa arosto tumeupanga kwa masaa na siku, maana ndugu anayemwangalia mtu akigaagaa kitandani anataka kujua lini itaisha. Kwa heroini, ndo huo unga, mara nyingi huanza masaa 8 hadi 12 baada ya kutumia mara ya mwisho, miayo, makamasi, jasho, baadaye kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, siku ya pili na ya tatu ndo kilele, halafu inaanza kushuka na kwa wengi makali yameisha ndani ya wiki au zaidi kidogo, ingawa kukosa usingizi na hamu vinaweza kusumbua muda mrefu. Tukaweka pia kitu ambacho nesi alisisitiza sana, mtu anayetapika na kuharisha siku nzima anaishiwa maji, kwahiyo asiachwe chumbani peke yake kwa kuwa "anatoa sumu", apewe maji, apewe ORS, na asipoweza kushikilia chochote tumboni apelekwe hospitali.

Ukurasa wa pombe ni tofauti na nilitaka utofauti huo uonekane kwa macho hata kabla hujasoma. Familia nyingi zikichoka zinamfungia baba chumbani, wanasema akikaa siku nne bila gongo atakuwa mtu. Kwa anayekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu hiyo inaweza kumuua. Akiacha ghafla anaweza kupata degedege, zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuingia kwenye hali ya kuchanganyikiwa kabisa, anaona watu wasiokuwepo, anatetemeka mwili mzima, joto linapanda. Kwahiyo juu ya ukurasa kuna boksi lenye mpaka mnene, limeandikwa "Usimfungie ndani aache mwenyewe. Mlete kwetu au mpeleke hospitali kwanza", na chini yake kitufe cha kupiga. Sikuweka rangi nyekundu ya kutisha, mtu ameshatishika tayari. Ni njano tu ya kawaida yenye maandishi meusi, inasomeka juani.

Kulikuwa na mvutano kwenye sehemu ya kurudia. Mtu aliyeacha kwa muda, katoka kituoni au katoka gerezani, mwili wake umeshapoteza ule uzoefu, akirudia kiasi kilekile cha zamani anaweza kuacha kupumua. Upande wa utawala waliona tukiandika hivyo tunajitangazia kwamba watu wetu wanarudi kutumia. Daktari akawaambia wapo wanaorudi, ndivyo ugonjwa huu ulivyo, na ninachotaka ni mtu akirudi awe hai ili aje tena. Ukurasa umeingia. Unaeleza dalili, haamki ukimtikisa, anapumua kwa shida au anakoroma isivyo kawaida, midomo inabadilika rangi. Unaeleza umlaze ubavu, usimwache peke yake, usimmwagie maji wala kumlazimisha maziwa, mkimbize hospitali na uwaambie wazi katumia nini, kwa sababu ipo dawa ya kuzindua mtu wa heroini, naloxoni, na wakijua mapema wanaiwahi.

Na methadoni. Kituo hakitoi methadoni na kuna vituo ambavyo haviwaelezi watu habari zake kabisa. Hawa wamekubali tuieleze kinagaubaga, kwamba ni dawa ya maji inayonywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu, inazuia arosto, na mtu akitulia nayo anaweza kurudi kwenye kazi zake, na kwamba kwenye kliniki za serikali inatolewa bure. Ya kwanza nchini ilifunguliwa Muhimbili mwezi Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoani. Tumeandika kabisa "kama unatumia heroini na huna ada ya kukaa kwetu, hii ni njia halali na nzuri, tupigie tukuelekeze kliniki iliyo karibu nawe." Nimefanya kazi na wateja wengi na si rahisi mtu akubali kuandika kwenye tovuti yake kwamba huduma unayoihitaji iko kwa jirani. Nawaheshimu sana kwa hili.

Jumanne, majaribio Mbagala

Kituo kilimwomba mama mmoja ambaye mwanae alipita hapo aniruhusu nije na tovuti ya majaribio aitumie kwenye simu yake. Simu ni itel yenye ufa kuanzia kona mpaka katikati, mwanga kaupunguza wa mwisho ili chaji ifike jioni, tumekaa nje barazani jua la saa tano.

Cha kwanza, maandishi meupe juu ya kijani hafifu hayakuonekana kabisa, alikuwa anaiziba simu kwa kanga ili asome. Kijani tumekikoleza, kipimo kinachokubalika kwa maandishi ya kawaida ni utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake na sasa tumevuka hapo kwa mbali. Ile alama ya vistari vitatu ya menyu hakuigusa hata mara moja, kidole kilipita juu yake kama haipo, kwahiyo vistari vimetoka na maneno yenyewe yamewekwa wazi. Vitufe navyo vimeongezwa ukubwa maana ule ufa unafanya sehemu ya kioo isisikie vizuri.

Akaingia ukurasa wa gharama. Nilikuwa nimeandika "kuanzia" halafu kiasi, kama tulivyozoea wote kwenye tovuti za biashara. Akasoma kwa sauti, akasimama kwenye lile neno, akaniangalia. "Kuanzia siyo bei mwanangu. Hapo ndo wanapokukamatia." Akanieleza hospitali nyingine aliyowahi kuambiwa bei ya kuanzia, akafika na mgonjwa, akakuta kitanda kinaongeza laki kadhaa juu yake, na mgonjwa keshashuka kwenye bajaji, huwezi kumrudisha.

Tumeuandika ukurasa wote upya kwa maneno ya yule mama. Ada ya mwezi kwa tarakimu. Ndani yake kuna chakula, kitanda, ushauri na vipimo vya mwanzo. Nje yake kuna dawa za magonjwa mengine na hospitali ikihitajika, na kwa kila kimoja tumeweka kiasi ambacho watu huwa wanalipa kweli. Unaweza kulipa kwa awamu, na utaratibu wa awamu umeandikwa. Mje na nguo, mswaki, malapa, shuka mbili, kadi ya bima kama ipo, dawa zote anazotumia hata kama ni za ARV au TB, ataendelea nazo. Mhasibu alikuwa na wasiwasi kwamba washindani wataona bei zetu. Mkurugenzi akamjibu wakiona vizuri, nao waweke zao.

Kingine kilichotoka Mbagala ni fomu. Nilikuwa na fomu ya jina, umri, aina ya dawa, muda wa kutumia. Mama akauliza "Haya nikiyajaza anayasoma nani?" Hakuna jibu zuri la swali hilo unaloweza kumpa mtu kwa mstari mmoja, kwahiyo fomu imetolewa. Mahali pake kuna maneno: "Huna salio? Bipu tu, tutakupigia." Nilimuuliza kwanza dada wa mapokezi kama wataweza kweli maana ahadi hiyo ataibeba yeye, akasema ndivyo wanavyofanya siku zote ila hakuna aliyewahi kuwaandikia watu kwamba inaruhusiwa.

Alhamisi, siri za watu

Simu nyingi za nyumbani ni za watu wawili watatu. Dada kashika ya kaka, mke kashika ya mume, mtoto anacheza gemu kwenye simu ya mama. Kwahiyo jina linalotokea juu kwenye kivinjari na kwenye historia tumelifanya la kawaida, la afya na ushauri, halitaji uraibu. Ukituma kiungo WhatsApp picha inayotokea ni mti na jina hilohilo la kawaida.

Kuna kitufe cha "Toka haraka", nimeiga wazo kutoka serikali ya Uingereza, kwenye mfumo wao wa dizaini wanacho kwa ajili ya watu wanaotafuta msaada wa ukatili majumbani. Ukikibonyeza kinakupeleka ukurasa wa hali ya hewa, na ukurasa ule uliokuwepo unapishwa kiasi kwamba ukirudi nyuma haujitokezi kirahisi. Ila hakifuti historia ya simu na hilo tumeliandika pembeni yake na namna ya kufuta, kwa sababu mtu akidhani amefutika wakati hajafutika tumemweka pabaya zaidi.

Jamaa wa matangazo alikuja na pikseli ya Facebook, kile kijiprogramu cha kufuatilia wanaofungua tovuti, kwamba mtu akifungua ukurasa wa heroini basi tutaweza kumfuata na matangazo yetu kwenye simu yake. Nikakataa moja kwa moja na nikaomba iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Fikiria mume na mke wamekaa wanaangalia video, tangazo la kuacha unga linatokea, anaanza kuulizwa maswali. Kule Marekani mwaka 2023 kampuni za GoodRx, ya punguzo la bei za dawa, na BetterHelp, ya ushauri nasaha mtandaoni, zilibanwa na tume ya biashara ya serikali kwa kupeleka taarifa za afya za watu kwa makampuni ya matangazo, ya kwanza ikalipa dola milioni 1.5, ya pili dola milioni 7.8. Na sisi hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya ni nyeti. Lakini hata sheria isingekuwepo jibu langu lingekuwa lilelile. Tunahesabu tu ukurasa umefunguliwa mara ngapi, kwenye seva yetu, nani kafungua hatujui na hatutaki kujua.

Dada wa mapokezi akaongeza lake ambalo mimi nisingelijua. Wakirudisha simu ya mtu aliyebipu hawataji kituo, wanaanza na "Habari, nimekuta namba hii imenipigia, naongea na nani?" Akipokea mtu mwingine wanasema samahani wanakata. Nimeliandika kwenye tovuti ili anayebipu ajue ndivyo itakavyokuwa.

Jumamosi, picha na njia

Hakuna picha za kununua mtandaoni. Ukitafuta picha za uraibu unapata sindano, pingu, mtu kajikunyata gizani kashika kichwa, na mikono ya wazungu. Hakuna anayetamani kumleta mwanae mahali panapofanana na hapo. Tulizunguka kituo asubuhi nzima tukapiga vitu vilivyopo kweli, kitanda chenye neti, sufuria la maharage jikoni, benchi chini ya mwembe wanapokaa kwa mazungumzo ya asubuhi, chumba cha nesi, choo (ndiyo, choo, akina mama wanaulizia). Wafanyakazi waliokubali wanaonekana sura. Waliolazwa hawaonekani, na wapo waliosema mimi sioni shida piga tu, bado hatukupiga. Mtu kwenye wiki yake ya tatu ana furaha ya kupona na anasema ndiyo kwa kila kitu, miaka kadhaa mbele anaomba kazi benki na picha bado ipo. Taarifa za mahali zinazojificha ndani ya mafaili ya picha nimezifuta zote.

Njia ya kufika nimeiandika kwa kuzifuata nyayo. Wa mikoani anashukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, anasogea Kimara, anapanda mwendokasi wa Kivukoni, akishuka pantoni iko karibu hapo. Wa Mbagala na Temeke wanaweza kupitia daraja la Kigamboni badala ya kuzunguka mjini. Kituo hakina bango nje, wamefanya makusudi kwa ajili ya majirani, kwahiyo maelekezo yanaishia upande wa pili wa pantoni, hapo unapiga simu na mtu anakuja kukupokea kwa miguu. Na tumeweka neno kwa anayesafiri na mgonjwa mwenye arosto, kwamba mpigie nesi kabla ya kuondoka nyumbani akwambie mje saa ngapi, maana foleni ya pantoni jioni na mtu anayetapika ni mtihani mkubwa.

Jumatatu, uzito

Fupi hii. Ukurasa wa mwanzo wa zamani ulikuwa MB 6, mpya ni KB 140. Fonti ni zilezile zilizomo kwenye simu, picha zinakuja ukishuka tu, na namba ya simu inafanya kazi hata kwenye kivinjari chepesi cha Opera Mini au mtandao ukikatikia katikati. Kwenye msimbo wa tovuti tumetaja kwamba lugha ni Kiswahili, vivinjari visianze kudhani ni lugha nyingine vikamletea mtu tafsiri za ajabu.

Ijumaa, masaa ya simu

Tovuti ya zamani iliandika masaa 24. Nikapiga saa saba usiku, iliita mpaka ikakata. Nikaenda asubuhi nikawaeleza, na kumbe wote wanajua, nesi wa usiku ni mmoja na simu ipo ofisini, yeye yupo wodini. Ukimtoa huko kuja kupokea simu umewaacha wagonjwa.

Tumekubaliana tovuti iseme kweli. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku kitufe kinasema "Piga sasa". Baada ya hapo kinabadilika, "Usiku huu simu haipokelewi. Bipu au tuma meseji, tutakupigia saa moja asubuhi", na juu yake maelezo ya hali zisizosubiri asubuhi, degedege, mtu asiyeamka, mtu anayetaka kujiua, hao ni hospitali iliyo karibu sasa hivi. Tumeweka pia 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mkurugenzi anatafuta hela ya simu ya pili ya mkononi ikae kwa nesi wa usiku, ikipatikana tutaongeza masaa, siyo kabla.

Jumatano, imewashwa

Tumeifungua bila sherehe. Kila ukurasa wa kitabibu una tarehe na cheo cha aliyeupitia, na daktari amekubali kuupitia upya kila baada ya miezi sita. Nesi mkuu ameanza kurekodi kurasa kwa sauti yake kwa ajili ya wasiosoma vizuri au wenye macho yaliyochoka, ule wa pombe umeshaingia, dakika tatu, anaongea taratibu kama yuko na wewe jikoni.

Kaunta buku ndo litakaloiendesha tovuti kuanzia sasa. Kila mwisho wa mwezi dada ananisomea maswali mapya, swali likijirudia linaandikiwa jibu. Linaloongoza tangu tufungue ni la wanawake wenye watoto wachanga, na kituo hakina chumba chao. Mkurugenzi na mzee wa bodi wanaangalia kama stoo ya nyuma inaweza kugeuzwa, wameomba fundi aje kupima. Kwa sasa ukurasa unasema "Bado hatuna nafasi ya mama na mtoto. Piga au bipu, tutakuelekeza pa kuanzia na tutaandika namba yako ukikubali, tukupigie chumba kikiwa tayari." Wawili wameshakubali namba zao ziandikwe.